Parajuristi si avoka nusu: kazi hii inajifunzwa namna gani hapa Beni na Butembo?



Hapa kwetu ukisoma sheria mwaka mmoja tu, mtaa wote unaanza kukuita "Maître". Shangazi anakuletea kesi ya kiwanja. Jirani anakuamsha usiku juu kijana wake amefungwa. Na wewe hata prosedure ya jinai haujaanza kuisoma. Kisha kolasio inapita, toga inarudishwa, na ile "Maître" inabaki jina bila kazi. Njia ya kuwa avoka ni ndefu: diplome, stazi ya miaka 2 kwa avoka anayekubali kukupokea, kiapo, na franga za kulipa njiani. Si kila familia inaweza kumlisha mtu mzima miaka 2 bila mshahara.

Njo maana vijana wengi wanauliza: "Je, naweza kuwa parajuristi? Inasomewa wapi? Inalipa?" Leo tujaribu kujibu vizuri, bila kudanganyana. Jibu fupi: ndiyo, ni kazi ya kweli, na Beni inaihitaji kuliko miji mingi. Lakini si njia ya mkato ya kuwa avoka. Ni kazi yenye mipaka yake, na anayeijua ni yule anayejua mipaka hiyo.

1. Parajuristi ni nani?

Kule Marekani na Ulaya, neno hili mara nyingi ni la mfanyakazi wa biro ya avoka: anapanga madosiye, anatafuta sheria, anaandika barua, avoka anatia sahihi. Huku Afrika jina limechukua sura nyingine. Parajuristi ni mtu wa karibu na watu, mwenye kujifunza sheria ya kutosha ili amsaidie mtu kujua haki yake, kuandika jambo lake, na kufika mahali panapostahili. Malawi, tangu mwaka 2000, maparajuristi wanaingia ndani ya magereza kufundisha wafungwa na kutafuta wale waliosahauliwa bila kuhukumiwa. Mwaka 2004, mkutano wa Lilongwe uliomba serikali za Afrika zitambue kazi yao. Na mwaka 2012 Umoja wa Mataifa nao ukawataja ndani ya kanuni zake za msaada wa kisheria.

Na kwetu Kongo? Fungua ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1979. Inapanga watu wa aina tatu: maavoka, madefanseri wa mahakama, na wawakilishi wa serikali. Parajuristi hayumo. Jirani zetu walishakwenda mbele: Kenya ilimtaja ndani ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2016, Tanzania ikafanya vile 2017, na kule msaidizi wa kisheria anaandikishwa.

Hii inamaanisha mambo mawili. Kwanza, huwezi kusimama mbele ya zuji na kumsemea mtu. Hiyo ni kazi ya avoka, ao ya defanseri mbele ya Tripaix na TGI. Pili, nguvu yako haitoki kwa kadi unayovaa shingoni. Inatoka kwa shirika ao biro inayokutuma, na kwa usahihi wa kazi yako. Ukikosea, hakuna kanzu ya kukuficha.

2. Kazi yenyewe inafanana na nini?

Tuchukue mambo manne yanayorudi kila wiki katika kartiye zetu.

Kasho. Kijana amekamatwa siku ya tatu jioni. Leo ni siku ya sita. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, ibara ya 18, inasema kukaa mikononi mwa polisi hakupiti masaa 48. Yakiisha, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Inasema pia aambiwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoisikia, na aweze kuonana mara moja na familia yake ao mtetezi wake. Parajuristi hafiki kwa OPJ na kupiga meza. Anafika kwa heshima, anajitambulisha, anauliza: aliingia lini, saa ngapi, kwa kosa gani, dosiye iko na nani? Anaandika. Mara nyingi swali lililoulizwa kwa adabu, na saa iliyoandikwa kwenye karatasi, vinafungua mlango ambao kelele ingeufunga. Ikishindikana, anapeleka maandishi hayo kwa avoka ao kwa parke siku ile ile.

Deni. Butembo ni mji wa biashara, na kila biashara iko na mikopo. Mtu anakosa kulipa, mwenye mali anakwenda polisi, mdaiwa analala ndani. Wengi wanaona ni kawaida. Sivyo. Kutolipa deni peke yake ni jambo la kiraia. Tena ibara ya 61 ya Katiba inataja haki ambazo haziguswi hata wakati wa hali ya dharura, na ndani yake mna katazo la kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Lakini hapa kuna mtego ambao parajuristi sharti aujue. Mlalamikaji mara nyingi haandiki "deni". Anaandika kwamba ametapeliwa, ao kwamba mtu ametumia vibaya mali aliyoaminiwa. Hayo ni makosa ya jinai. Basi kazi yako ni kuuliza: franga zilitolewa kwa mapatano gani? Kuna karatasi? Zilikuwa mkopo, ao zilikuwa mali ya kupeleka kwa mtu mwingine? Majibu hayo mawili yanapeleka mtu kwenye njia mbili tofauti kabisa, na avoka atakushukuru ukimletea jibu safi.

Ubakaji. Hapa hakuna nafasi ya kuchezacheza. Bado kuna familia zinazokaa barzani, zinahesabu mbuzi, zinasema mambo yameisha, mara nyingine hata zinataka kumwoza binti kwa yule aliyemharibu. Sheria mbili za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006, namba 06/018 na 06/019, zinasema vingine. Kesi ya ubakaji haizimwi kwa faini ya mapatano. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Uchunguzi wa mwanzo usipite mwezi 1, na hukumu itoke ndani ya miezi 3 tangu kesi kufika kwa mamlaka ya sheria. Lakini mbele ya sheria kuna mwili: dawa ya kuzuia ukimwi sharti ianze ndani ya masaa 72. Kwa hiyo parajuristi mzuri haanzi na "tuende parke". Anaanza na hospitali, kisha anamwachia mwenye jambo aamue hatua ya mbele, na kama ni mtoto, pamoja na mzazi ao mlezi asiyehusika na kosa. Na hapatanishi. Hata wazee wakimwomba, hapatanishi.

Makaratasi. Hili halina makelele lakini linabeba maisha ya watu wengi. Tangu mauaji yalianza katika eneo la Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, familia nyingi zimekimbia vijiji na kuacha kila kitu. Nyumba ikiungua, hati ya kuzaliwa inaungua nayo. Sheria inatoa siku 90 kutangaza mtoto aliyezaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali, na kwa mtoto ni tribinali ya watoto. Mama mkimbizi kutoka upande wa Mangina hajui njia hiyo, anaona ni mlima. Wewe unaijua, unaenda naye.

Vilevile mjane anayefukuzwa na shemeji zake: Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa haki ya kukaa ndani ya nyumba aliyoishi na mume wake. Na kiwanja: wengi wanashika fishi parselere ao karatasi ya kununua na kuamini ni hati ya mwisho. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Ukimwambia mtu hilo kabla hajauza ngombe wote kununua kiwanja chenye wenyewe watatu, umemwokoa bila kesi.

3. Kwa nini Beni si kama miji mingine

Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliingia katika état de siège, na kesi za jinai zilitolewa kwa tribinali za kiraia zikapewa za kijeshi. Kwa parajuristi hii inabadilisha swali la kwanza. Zamani ulianza na "amefanya nini?" Sasa unaanza na "dosiye iko mbele ya nani?" Katika prosedure ya kawaida, masaa 48 ya polisi yakiisha, parke inaweza kumshika mtu kwa siku 5, kisha sharti zuji aamue: siku 15, na baadaye mwezi kwa mwezi. Mbele ya oditora ya kijeshi kuna kodi yake ya 2002, yenye hesabu yake. Ukihesabu siku kwa kitabu kisicho chake, utamwambia mama "kesho anatoka", na kesho hatatoka. Mama huyo hatakuamini tena, na atakuwa na haki.

Tena kumbuka magereza yetu. Kangbayi, hapa Beni, ilishambuliwa tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 2020, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Kakwangura, Butembo, ilishambuliwa mwezi wa 8 mwaka 2022, wakatoka zaidi ya 800. Fikiria mtu aliyekuwa mle bila kuhukumiwa, kwa jambo dogo. Usiku ule alisukumwa nje na risasi. Asubuhi yake, kwa macho ya kila mtu, yeye ni mtoro. Kama hakuna mtu wa nje mwenye kopi ya tarehe yake ya kuingia, namba ya dosiye yake, na jina la ofisa aliyempokea, ataonyesha nini? Ndiyo faida ya daftari la parajuristi, kitu wengi wanaona ni kidogo.

4. Basi, inajifunzwa wapi, na nini?

Hapa kwetu kuna njia tatu, na mara nyingi mtu anazipita zote.

Ya kwanza ni fakilte. Université Catholique du Graben, iliyoanza Butembo mwaka 1989, iko na fakilte ya sheria, na vyuo vingine vimefuata. Si lazima uwe na diplome ya sheria ili uwe parajuristi wa kartiye: walimu, waganga, mama wa ushirika wanaifanya vizuri. Lakini mwenye sheria anaanza mbele. Anayesoma sasa akumbuke kwamba neno "lisansi" limebadilika: zamani ilikuwa graduat miaka 3 kisha lisansi 2, na sasa LMD inasema lisansi miaka 3, kisha mastari 2. Mbele ya kuota barreau, nenda uulize pale barreau vile wanapokea diplome yako.

Ya pili ni mafunzo ya mashirika na makanisa. Commission Justice et Paix ya diyosezi ya Butembo-Beni, na mashirika ya wanawake kama SOFEPADI ya Mama Julienne Lusenge, yanasindikiza watu mbele ya sheria. Kazi ya namna hiyo njo shule. Mafunzo yenyewe kwa kawaida ni ya siku chache ao wiki chache, na unapewa breve. Mwambie ukweli mwenye kukuuliza: breve ya siku 5 haifanyi parajuristi. Inafungua mlango tu.

Ya tatu, na yenye kujenga zaidi, ni kukaa karibu na avoka ao defanseri. Miezi 6 ya kupanga madosiye, kusoma ma-PV na kufuata tarehe za kesi pale grefe inafundisha kuliko semina kumi.

Na ndani ya hizo njia zote, chunga ujifunze mambo haya:

Kuandika. Nani, wapi, lini, nini, nani aliona. Ukurasa mmoja, bila maoni yako, bila "inasemekana". Tenganisha ulichoona na ulichosikia.

Kutafsiri. Sheria yetu imeandikwa kwa Kifaransa, na mwenye shida anasema Kiswahili ao Kinande. Jipime hivi: mweleze mama wa soko, kwa sentensi tatu za Kinande, tofauti kati ya kuachiliwa kwa muda na kuachiliwa kabisa. Kama hawezi kukurudilia, bado haujaelewa wewe mwenyewe.

Kusikiliza. Mtu aliyetoka kijiji kilichochinjwa hasimulii kwa mpangilio. Usimlazimishe kurudilia mara tano. Andika vizuri mara moja.

Kutunza siri. Katika mji wenye vita, jina likitoka kwa simu yako linaweza kuua. Hakuna picha za walioumizwa kwenye status, hata ukificha uso.

Kutuma mbele. Uwe na orodha yako: hospitali gani, avoka gani, ofisa gani wa état civil, biro gani ya kulinda watoto. Parajuristi asiyejua kutuma mbele anageuka kuwa kizuizi.

5. Parajuristi na komisioneri

Sasa tuguse pale panapouma. Mbele ya kila polisi na kila parke kuna watu wa kiti cha chini ya mti. Wanajua kila ofisa kwa jina. Familia ikifika na machozi, wanasema: "Leteni kitu, nitawatolea mtu wenu." Wengine kati yao wamesoma. Wengine walikaa nasi auditoire moja. Njaa inaweza kumpeleka mtu pale bila yeye kuona, juu inaanza na "franga ya usafiri" tu.

Tofauti kati ya wale na parajuristi si diplome. Ni vitu vitatu. Parajuristi anasema mpaka wake mapema: "Mimi si avoka, siwezi kukusemea, lakini naweza hili na hili." Parajuristi anaacha karatasi nyuma yake, na komisioneri hataki karatasi. Na parajuristi habebi franga za mtu kupeleka kwa ofisa, hata mara moja. Malipo ya serikali yanalipwa na mwenyewe, pale yanapolipiwa, na yana risiti. Bila risiti, hayo si malipo ya serikali.

Ukivunja moja kati ya hayo matatu, jina lako litazunguka kartiye mbele ya wiki kuisha, na utakuwa umewaharibia pia wale wanaofuata.

6. Na kula je?

Haki yenu kuuliza. Kuna maparajuristi wengi wa kujitolea wanaopata usafiri na simu tu. Kuna wanaolipwa na miradi, na miradi inaisha. Kwa hiyo usiitazame kama kituo cha mwisho. Itazame kama msingi wenye milango.

Mwenye graduat ya sheria anaweza kutafuta njia ya defanseri wa mahakama, ambayo ni kazi inayotambuliwa na ile sheria ya 1979. Mwenye lisansi ya zamani anaweza kuendelea na stazi ya avoka, lakini sasa anaingia akijua dosiye, si vitabu tu. Wengine wanaingia grefe, wengine mashirika ya haki za binadamu, wengine biro za ardhi na état civil. Anayesikia Kiingereza anaweza kuvuka Kasindi: Law Development Centre ya Kampala inatoa diploma ya sheria. Haitakufanya avoka wa Kongo, lakini kwa mwenye kufanya kazi na wafanyabiashara wa mpaka, kujua sheria ya pande mbili ni mtaji.

Kwa mwenye kutaka kuanza, anza mwezi huu. Nunua daftari moja la kazi hii tu. Soma Katiba ibara ya 17, 18, 19 na 61 mpaka uzieleze bila kitabu. Nenda ukae nyuma ya chumba cha Tripaix siku moja kwa wiki: kesi zinasikilizwa hadharani, hakuna atakayekufukuza ukikaa kimya. Tafuta avoka mmoja wa kukusahihisha maandishi yako. Na kesho jirani akikuamsha akisema "Maître, kijana wangu amefungwa", mjibu kwanza: "Mimi si Maître bado. Aliingia saa ngapi?" Kisha chukua kalamu.